Baridi ya Juni na Julai: mzigo ambao motari wa Lubumbashi na Kolwezi anaubeba peke yake

Mikono inayoshindwa kufinya breki, macho yanayotoa machozi kwa upepo, mtoto wa shule aliyekaa mbele ya dereva bila kofia: hayo ndiyo maisha ya asubuhi katika miji ya Katanga ya zamani wakati wa kiangazi cha baridi, kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Agosti. Kila mwaka watu wanalalamika, wanavaa makoti mawili, halafu wanangoja Septemba. Lakini baridi juu ya pikipiki si swala la kuvumilia tu. Ni swala la ajali, la afya na la pesa, na mpaka leo wanaolilipia ni yule aliyeshika usukani na mteja aliye nyuma yake.

Kiangazi chenye baridi

Wageni wengi wanaofika Lubumbashi kutoka Kinshasa au Kisangani mwezi wa Juni wanashangaa. Wanadhani Kongo nzima ni nchi ya joto. Lakini Lubumbashi iko mbali na ikweta, kwenye nyuzi 11 na zaidi upande wa kusini, na imejengwa juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1 200 hivi. Kolwezi iko juu zaidi, karibu mita 1 450. Mwezi wa Juni jua liko kaskazini, mvua imekatika tangu Aprili au Mei, na mbingu haina mawingu. Usiku, joto ambalo ardhi ililipata mchana linapanda juu bila kitu cha kulizuia. Ndiyo sababu kipimajoto kinashuka chini ya nyuzi 10 kabla ya mapambazuko, na katika siku mbaya kinashuka zaidi ya hapo.

Saa nane mchana, hali ni nyingine kabisa. Joto linaweza kufika nyuzi 25 au 26. Motari aliyetoka nyumbani amevaa koti zito, kofia ya sufu na suruali mbili anavua kimoja kimoja, anavifunga nyuma ya kiti. Hapo ndipo shida inapojificha. Baridi hii inadumu saa nne au tano kwa siku, kwa muda wa miezi miwili au mitatu. Ikifika adhuhuri watu wameshaisahau. Si rahisi mtu kununua vifaa vizuri kwa ajili ya kitu kinachoondoka kila siku kabla ya chakula cha mchana, na si rahisi kiongozi kukifikiria akiwa ofisini mwake.

Bahati mbaya, saa hizo nne ndizo saa za kazi. Mwisho wa Juni jua la Lubumbashi linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu. Kabla ya hapo, wauzaji wa mboga wameshatoka Annexe kwenda sokoni, wafanyakazi wa zamu ya asubuhi wako njiani, walinzi wa usiku wanarudi nyumbani. Nusu saa baadaye ni wanafunzi. Mwaka wa shule unamalizika mwanzoni mwa Julai, kwa hiyo wiki za mitihani ya mwisho zinaangukia ndani ya wiki za baridi kali.

Upepo wa safari

Mtu aliyesimama kwenye parkingi akingoja mteja anahisi baridi ya nyuzi 8. Akianza kuendesha, ngozi yake haihisi tena nyuzi 8. Mwili wetu unatengeneza tabaka nyembamba ya hewa ya joto karibu na ngozi. Upepo unaiondoa tabaka hiyo, na mwili unalazimika kutengeneza nyingine kila mara. Wataalamu wa hali ya hewa wana hesabu ya jambo hilo. Ile inayotumiwa Kanada na Marekani tangu 2001 inatoa majibu haya: hewa ikiwa nyuzi 8, mtu anayekwenda kilomita 20 kwa saa anahisi kwenye ngozi iliyo wazi kama nyuzi 5. Akienda kilomita 40 kwa saa, anahisi nyuzi 3. Akifika 60, ni nyuzi 2 hivi.

Tuchukue safari ya kawaida. Kutoka Kipushi hadi Lubumbashi ni kilomita kama 30. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ni dakika 45 ya kukaa ndani ya upepo wa nyuzi 3, bila kutembeza miguu, vidole vimekunjwa kwenye usukani. Anayetembea kwa miguu anatengeneza joto kwa kila hatua. Anayeendesha baiskeli vilevile. Kwenye pikipiki injini ndiyo inayofanya kazi, mwili umekaa, na joto linaondoka bila kurudishwa.

Nguo ikiwa mbichi, hali inazidi kuwa mbaya, kwa sababu maji yanapitisha joto mara 25 kuliko hewa. Mvua hainyeshi Juni, lakini kuna jasho la aliyesukuma pikipiki kwenye mchanga, na kuna koti lililofuliwa jioni ambalo halikukauka. Kuvaa koti bichi asubuhi ni vibaya kuliko kuvaa shati mbili kavu.

Nusu sekunde, mita tano

Hatari ya kwanza ya baridi haiko mapafuni, iko kwenye vidole. Mwili ukianza kupoa, unapunguza damu inayokwenda mikononi na miguuni ili kulinda moyo na ubongo. Ngozi ya mkono ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, vidole vinakuwa vizito, nguvu ya kufinya inapungua, na mtu hahisi vizuri anachokigusa.

Sasa, kwenye pikipiki karibu zote zinazobeba watu huku kwetu, breki ya mbele inafinywa kwa mkono wa kuume. Ndiyo breki yenye nguvu kuliko ya nyuma, kwa sababu wakati wa kusimama uzito wote unakuja mbele. Klachi iko mkono wa kushoto. Motari mwenye vidole vilivyokufa ganzi anafanya kile ambacho mwili unamruhusu: anakanyaga breki ya nyuma kwa mguu na kuacha ya mbele. Tairi ya nyuma inajifunga, inateleza juu ya vumbi, na pikipiki inachukua mita nyingi zaidi kabla ya kusimama.

Hata bila kuteleza, kuchelewa kidogo kunatosha. Kwa kilomita 40 kwa saa, pikipiki inakula mita 11 kila sekunde. Mkono ukichelewa nusu sekunde tu, ni mita tano na nusu zimekwisha kabla breki haijaanza kushika. Mita tano ni urefu wa gari dogo na zaidi. Ni tofauti kati ya kumpita mtoto anayevuka barabara na kumgonga.

Kuna mambo mengine yanayojumlika. Kofia ya koti iliyovutwa mpaka mashavuni inaziba masikio na kukata macho ya pembeni. Dereva haoni gari linalotoka kando. Machozi ya upepo yanachanganyika na vumbi la barabara zisizo na lami. Moshi wa mioto ya porini na wa makala unalala chini asubuhi kwa sababu hewa ya baridi haipandi. Injini iliyowashwa kwa sitarta na kuondoka kabla ya kupata joto inaweza kuzimika katikati ya njia panda. Na tairi iliyojazwa upepo saa nane mchana, wakati wa joto la nyuzi 26, inapoteza zaidi ya psi 2 ikifika alfajiri ya nyuzi 8. Kila kimoja peke yake ni kidogo. Vikikutana saa kumi na mbili asubuhi kwenye pikipiki yenye abiria wawili, si kidogo tena.

Mtoto anayekatiwa upepo na nani?

Mteja mkubwa aliyekaa nyuma anajificha kidogo mgongoni mwa motari. Upepo unampata magotini na mikononi. Mtoto hana bahati hiyo. Desturi ya kumkalisha mtoto mdogo mbele, juu ya tanki, kati ya mikono ya dereva, inamfanya yeye kuwa ngao ya upepo ya watu wote walio nyuma yake. Na mtoto anapoteza joto haraka kuliko mtu mzima, kwa sababu mwili wake ni mdogo ukilinganisha na ngozi inayoufunika. Anayefika darasani akitetemeka, vidole vigumu, atangoja dakika nyingi kabla ya kushika kalamu vizuri. Siku ya mtihani, dakika hizo hazirudishwi.

Baridi yenyewe haileti kichomi. Kichomi kinaletwa na vijidudu. Lakini hewa baridi na kavu inakausha pua na koo, inawachokoza wenye pumu, na vumbi linaongeza maudhi hayo. Mzazi mwenye mtoto wa pumu ana sababu ya kweli ya kumfunga kitambaa puani na mdomoni, na ya kukataa akae mbele.

Imani nyingine inahusu pombe. Wapo wanaosema kikombe kidogo cha lutuku alfajiri kinapasha damu moto. Ukweli ni kinyume. Pombe inafungua mishipa midogo ya ngozi, damu ya joto inakuja juu, mtu anahisi vizuri kwa dakika chache, na joto la ndani linaondoka haraka zaidi. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 mtu anaanza kuchanganyikiwa, na mlevi hatambui kwamba amefika huko. Hapo hatujasema chochote juu ya akili ya kuendesha.

Nani analipia?

Wamotari wengi si wenye pikipiki wanazoendesha. Wanampa mwenye chombo kiasi cha pesa kilichokubaliwa kila siku, kile kinachoitwa versement, na kinachobaki baada ya esansi ndicho cha kwao. Kiasi hicho hakipungui kwa sababu ya hali ya hewa. Motari anayeona kwamba alfajiri ni baridi mno, akaamua kutoka saa mbili, atakuwa amepoteza wateja bora wa siku, lakini jioni atadaiwa pesa ileile. Kwa hiyo anatoka. Baridi inaingia ndani ya hesabu ya mkataba bila kuandikwa popote, na mara nyingi mkataba wenyewe haujaandikwa.

Sheria ya kazi ya Oktoba 2002 inamtaka mwajiri kulinda afya na usalama wa watu wanaomfanyia kazi. Lakini motari na mwenye pikipiki hawajioni kama mfanyakazi na mwajiri. Wanajiona kama watu wawili waliokodishana chombo. Sheria ya barabara nayo ni ya tarehe 30 Agosti 1978, wakati ambao pikipiki za kubeba abiria hazikuwa zimejaa mijini kama leo. Katikati ya sheria hizo mbili kuna maelfu ya vijana wanaofanya kazi ya usafiri wa mji bila mtu wa kuwauliza kama wana glavu.

Kolwezi inaonyesha jambo hilo wazi kuliko mji mwingine. Jimbo la Lualaba, pamoja na Haut-Katanga, ndilo linalotoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, madini yanayoingia kwenye betri za magari ya umeme. Mfanyakazi wa kampuni kubwa akifika kwenye mlango wa mgodi, lazima awe na kaske, viatu vya chuma, glavu na nguo inayong'aa. Bila hivyo haingii. Kampuni kubwa zina mabasi yao. Lakini kibarua wa kampuni ndogo, mwenye kuuza chakula karibu na mgodi, mchimbaji mdogo anayekwenda upande wa Musompo kabla ya jua, wanakwenda kwa pikipiki. Mtu huyo anaweza kuvaa vifaa vyote vya ulinzi kuanzia mlangoni kwenda ndani, wakati kijana aliyemfikisha mlangoni hapo amefunga mikono kwa mifuko ya plastiki.

Na Kivu je?

Msomaji wa Butembo au wa Minembwe atasema: ninyi wa Katanga mnalalamikia miezi mitatu, sisi baridi yetu haina likizo. Ana haki. Kivu iko karibu na ikweta, haina majira ya baridi kama ya kusini. Baridi yake inatoka kwenye kimo. Kwa kila mita 1 000 unazopanda, hewa inashuka nyuzi 6 hivi. Bukavu na Goma ziko karibu mita 1 500, Butembo juu ya 1 700, na vilima vya Lubero, Masisi na nyanda za juu za Fizi na Uvira vinapita 2 000. Huko baridi inakuja pamoja na mvua na ukungu, kwa hiyo adui mkubwa ni nguo iliyolowa na barabara yenye matope. Motari anayetoka Butembo kwenda Lubero akilowa njiani yuko hatarini hata kama kipimajoto kinaonyesha nyuzi 14.

Tofauti nyingine ni vita. Pale ambapo barabara zimekatwa na magari hayapiti, pikipiki ndiyo inayobeba mgonjwa, mama anayekwenda kujifungua na mzigo wa soko, kwa saa nyingi kuliko dakika 45 za Kipushi. Mahitaji ya mwili ni yaleyale: mikono mikavu yenye joto, kifua kilichofunikwa, macho yanayoona. Ndiyo maana swala hili si la Katanga peke yake.

Kifaa kimoja, faida mbili

Jambo linalotia moyo ni kwamba vitu vinavyozuia baridi ndivyo vinavyopunguza madhara ya ajali. Kaske yenye kioo inakata upepo usoni, inazuia machozi na vumbi. Kaske hiyohiyo, kwa mujibu wa tafiti zilizokusanywa kwa miaka mingi, inapunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Glavu ya ngozi inayoweka vidole katika joto ndiyo inayookoa kiganja mtu anapoanguka, kwa sababu kila anayeanguka anatanguliza mikono. Koti zito linalofungwa mpaka shingoni linalinda kifua na viwiko pia.

Kwa hiyo wiki za baridi ni wakati mzuri wa kufanya kile ambacho kampeni za usalama barabarani hazijafaulu kukifanya wakati wa joto. Mwezi wa Oktoba mteja anakataa kaske kwa sababu ya jasho na ya kuogopa chawa. Mwezi wa Juni anaomba kitu cha kufunika masikio. Motari mwenye kaske ya pili iliyo safi, na kitambaa chembamba cha kuvaa ndani yake kinachofuliwa, ana kitu cha kuuza. Wakaaji wa Goma na Bukavu waliofika Kigali wameona kwamba mteja kuvaa kaske kunaweza kuwa desturi ya kila siku. Halikuwa swala la utajiri, lilikuwa swala la kulazimisha na kufuatilia.

Pikipiki zetu nyingi zinatoka India na China. Katika miji ya China yenye baridi, wenye skuta wanafunga mbele blanketi maalum linalofunika magoti na mikono. Vifaa hivyo havikuja na pikipiki, lakini si teknolojia ngumu. Fundi cherehani wa Katuba au wa Manika anaweza kushona mifuko miwili ya turubai yenye sufu ndani, inayofungwa kwenye usukani ili mikono iingie, mradi tu isizuie vidole kufika kwenye breki na klachi.

Kila mmoja ana sehemu yake. Mwenye pikipiki aihesabu kaske mbili na glavu kuwa vifaa vya chombo chake, kama anavyohesabu tairi na mnyororo. Motari akilazwa hospitali, versement nayo inalala. Vyama vya wamotari vinavyokusanya michango vinaweza kununua kwa jumla mwezi wa Aprili, kabla bei haijapanda. Ukaguzi wa barabarani ukitazama breki na taa za alfajiri kwa bidii ileile unayotazama karatasi, utaokoa watu wengi zaidi. Wakuu wa elimu jimboni wanaweza kujadili nusu saa ya kuchelewesha kengele ya asubuhi katika wiki za Juni, ili wadogo wasafiri jua likiwa limetoka. Na kampuni za madini, ambazo sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka zitoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu, zinaweza kuulizwa na wakaaji hao kama usafiri salama wa alfajiri hauna nafasi ndani ya orodha ya miradi.

Kwa motari wa kesho asubuhi, ambaye hawezi kungoja mikutano: vaa kikavu kabla ya kizito. Geuza koti, mgongo uje mbele, upepo usipite kwenye zipu, lakini hakikisha shingo inageuka. Pima upepo wa tairi asubuhi. Acha injini ipate joto dakika mbili. Kila baada ya dakika 20 simama, kunjua vidole, vifinye mara kumi. Ukiona huwezi kufunga kifungo cha shati lako, basi hata breki huwezi kuifinya sawasawa. Kunywa uji au chai ya moto, ngoja mikono irudi. Weka nafasi kubwa kati yako na gari lililo mbele. Mtoto akae katikati, kati yako na mzazi wake, asikae mbele.

Na kwa mteja anayepiga kelele "ongeza mwendo, nimechelewa": kutoka kilomita 40 hadi 60 kwa saa, safari ya kilomita tano inapungua dakika mbili na nusu tu. Ni bei ndogo mno kwa kumlazimisha kijana mwenye vidole vya barafu kusimamisha pikipiki yenye mwendo huo.

Mwezi wa Septemba joto litarudi na habari hii itasahaulika tena mpaka Mei. Ndiyo sababu maamuzi ya versement, ya kaske na ya saa za shule yanapaswa kuchukuliwa sasa, wakati wanaoyachukua bado wanasugua mikono yao wenyewe asubuhi.